Hewa ya Mbabula ya Mama

Nyota hazitetemeki, hewa iliyo kati yetu nazo ndiyo isiyotulia. Kazi yangu hapa Kalemie ni kujaribu kioo kidogo cha darubini kinachojipinda upesi ili kuurudisha mwanga mahali pake. Ili kukijaribu nilihitaji hewa ya fujo, na fujo ileile kila siku. Mashine ya kuitengeneza sikuwa nayo, basi niliazima mbabula ya mama yangu, jiko lake la makaa.

Niliiweka nyuma ya nyumba chini ya bomba la bati, nikapitisha mwanga mwekundu juu ya moto, ukaangukia karatasi kama kitone. Nilipima kitone kinavyocheza, nikalinganisha na nyota moja juu ya ziwa. Mbabula ile ilikuwa na ufa mdomoni, na udongo wa ndani Mama aliusiriba kwa vidole vyake, alama zikabaki. Upepo ulipenya kwenye ufa, moto ukapanda kwa namna yake. Baada ya wiki nyingi za kusogeza bomba juu na chini, kitone kikatetemeka sawasawa na nyota. Mama alikuwa amesimama na sufuria yake ya majani ya muhogo akingoja jiko.

“Minerval yote ile niliyokulipia masomo,” akasema, “na sasa unapima moto ya sombe.”

Nilicheka. Hata leo nacheka.

Tension, ile presha ya damu, ilimwangusha Mama msimu wa mvua, akafa kabla ya jaribio la kioo. Matanga yalipokwisha nilirudi nyuma ya nyumba nikitaka kitu kimoja tu, ile hewa yetu. Nikawasha. Kitone kikatulia mno. Nikainama kutazama: mdomo mzima, udongo mpya, laini. Alama za vidole hakuna.

Mama Mdogo, ndugu wa marehemu, alinieleza kwamba wanawake waliopikia wageni wa kilio waliona haya kuiacha vile.

“Tuliitengeneza juu ya heshima yake yeye,” akasema. “Asiseme tumemuachia kitu ya kuvunjika.”

Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nikamshukuru.

Nilipima upya, bomba juu, bomba chini. Kioo kilifaulu, wenzangu wa kazi wakafurahi. Namba za ile hewa ya zamani bado ziko kwenye kompyuta yangu, zote, ila hewa yenyewe siipati.

Jana nilichukua msumari nikautoboa mdomo wa mbabula pale ufa ulipokuwa. Nikawasha. Kitone kilitetemeka, lakini si vile. Nikaondoa bomba, nikapika sombe, nikala peke yangu.