Yuniti yetu ya wasioona ilihamishwa Arua kwenda Koboko, Mama Hawa akapiga pasi vitabu vyote

Heshima kwenu wakuu, na kina dada mliojificha humu pia.

Miaka yote mimi ni msomaji tu humu ndani. Na kusoma kwenyewe nasomewa na simu, maana sioni tangu surua ya utotoni. Kwa hiyo wale wa "weka picha" mtulie. Picha naitoa wapi mimi?

Hii si chai. Ni kisa changu mwenyewe, nimekibeba tangu niko P.7, yaani darasa la saba, na kuna kipande chake sijawahi kumwambia mtu ila mmoja tu, hata mume wangu hakijui. Leo nimechoka nacho.

Kiswahili changu ni cha West Nile, Uganda, kikichechemea mnivumilie.

Twende.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Kwetu ni Aroi, wakulima watupu. Nilikuwa nasoma shule ya msingi ya serikali pale Mvara, Arua, kwenye yuniti ya watoto wasioona. Yuniti lilikuwa jina kubwa tu. Ni darasa moja, bweni dogo, mwalimu mmoja na watoto kumi na mmoja, ndani ya shule ya kawaida.

Mwalimu wetu nitamwita Mwalimu Ezati. Yeye anaona, lakini alijifunza maandishi yetu mpaka akawa anatushinda.

Kwa wasiojua, sisi tunasoma kwa vidole. Inaitwa nukta nundu, au breli. Ni vidoti vinavyonyanyuka kwenye karatasi ngumu, hakuna wino hata tone. Anayeona akiangalia, anaona karatasi nyeupe yenye vipele, basi.

Vitabu vya dukani hatukuwa navyo. Mwalimu Ezati alituandikia noti zote za P.7 kwa mkono wake, masomo manne, kwenye mashine moja iliyokuwa inagonga kutwa nzima. Nakala moja tu! Tulikuwa watatu wa P.7, tunapokezana kurasa.

Zile karatasi ndizo zilikuwa mtihani wangu. Bila zile sifaulu, na nisipofaulu narudi Aroi kukaa jikoni mpaka nizeeke. Mama yangu alishanieleza hivyo wazi wazi, na hakuwa na ubaya. Hakuwa na njia nyingine tu.

Sasa siku moja tunaambiwa yuniti inahama. Inaenda Koboko.

Jamani! Hakuna aliyetuuliza. Wakati huo Koboko bado iko chini ya wilaya ya Arua, na wakubwa wa wilaya walikaa wakaamua. Watu wa Koboko walikuwa wamerudi kutoka Zaire na Sudan walikokimbilia baada ya Amin kuangushwa 1979, watoto wamejaa, na kule upande wa Dranya kulikuwa na jengo jipya.

Nikisema kweli, walikuwa na haki yao. Watoto wasioona wa Koboko walikuwa wanakaa tu nyumbani bila shule. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, haki ya mtu mwingine ilikuwa hainihusu kabisa.

Mvara niliijua kwa miguu. Nilijua hatua kutoka bwenini mpaka bombani, nilijua mahali mzizi unapokwaza. Mama alikuwa anatoka Aroi kwa mguu kila Jumapili kuniletea muhogo na karanga za kusaga. Koboko angefikaje?

Siku ya kuhama likaja lori. Karani akasimama anasoma orodha kwa sauti: vitanda kadhaa, magodoro, madawati, mashine ya kuandikia, maboksi ya karatasi. Mwisho kabisa, "watoto, kumi na mmoja".

Nikasubiri asome jina la mwalimu. Akafunga faili.

Mwalimu Ezati hayumo! Barua ilihamisha vitu na watoto, mwalimu wakamsahau. Karani anasema mwalimu ni wa shule, si wa yuniti, kwa hiyo anabaki. Mwalimu wa nukta nundu abaki Mvara kufundisha nani? Ubao?

Mwalimu akatuambia twende, yeye anaenda kupigana na ofisi ya wilaya, atatufuata.

Mvua ilitukuta njiani, Maracha. Turubai lilikuwa moja, wakafunika magodoro. Maboksi ya karatasi, noti zetu zikiwa ndani, yakanyeshewa mpaka Koboko. Nilipiga kelele, dereva akasema karatasi zitakauka. Nikatukana kimoyomoyo njia nzima.

Kule shuleni tukapokelewa na Mama Hawa.

Huyu mama ngoja nimweleze vizuri. Alikuwa mpishi na mlezi wa bweni kwa pamoja. Mkakwa, kabila la pale pale Koboko, Mwislamu, mjane wa askari. Zamani alikaa kambini na mumewe, kazi yake ikawa kupiga pasi magwanda ya askari. Vita ilipokuja alikimbia akaacha kitanda, akaacha masufuria, akabeba pasi ya mkaa kichwani mpaka Zaire. Na alirudi nayo.

Kwake kitu kisichopigwa pasi ni kitu kichafu. Alipiga mashuka, leso, hata kile kitambaa cha kufunika mtungi wa maji. Wake wa askari wengi wa Koboko walikuwa hivyo, lakini yeye alizidi.

Asubuhi ya pili, Ijumaa, nimekaa barazani nimenuna. Mama Hawa akaja, akakaa karibu yangu.

"Mutoto yangu, hii makaratasi yenu imeloa sana. Na iko na vipele mingi. Ni maji imefanya hivi, ama iko hivyo?"

Wakuu, mama wa watu aliuliza. Aliuliza vizuri, kwa upole, na alimuuliza mtu anayejua jibu.

Nikamjibu, "Ni maji."

Kwa nini? Kwa hasira. Nilikuwa na hesabu yangu ya kijinga kichwani. Nilifikiri akiamini vitu vimeharibika, atamwambia hedmasta, hedmasta ataandika barua wilayani kwamba mali ya yuniti imeharibika njiani, na sisi tutarudishwa Mvara. Pasi haikunipitia akilini. Naapa haikunipitia.

Akasema, "Pole. Mimi natengeneza." Akaondoka.

Jumamosi nilisikia pasi inagonga meza. Jumapili tena, pasi inagonga, na yeye anaimba. Nilijua ni mashuka. Nikajisemea, huyu mama hachoki?

Jumatatu Mwalimu Ezati akafika kwenye lori la tumbaku, ana barua yake mkononi. Tulimrukia kama watoto wadogo. Akasema haraka, P.7 njooni, leteni noti, tumeshapoteza siku nyingi.

Mama Hawa akazileta mwenyewe. Zimepangwa, zimefungwa kwa kamba, zinanukia mkaa. Alikuwa na furaha, sauti yake ilikuwa inacheka.

"Mwalimu, angalia. Vipele yote imekwisha."

Nikaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Hakuna kitu.

Nikageuza wa pili. Laini. Wa kumi, laini. Nikaruka katikati, nikaenda mwisho, vidole vinateleza tu kwenye karatasi kama napapasa sahani. Sayansi imekwisha. Hesabu imekwisha. Mwenzangu pembeni akaanza kulia bila sauti, nilijua kwa vile dawati letu lilivyokuwa linatikisika.

Mwalimu Ezati akazichukua. Nilimsikia anafungua kurasa, moja, moja, moja. Halafu akaacha kufungua.

Mungu wangu. Miezi yote ile ya mkono wake, Mama Hawa alikuwa ameifuta kwa siku mbili, tena kwa upendo.

Hedmasta akaja mbio. Akaelezwa. Akapandisha sauti, "Nani alimwambia mtu huyu aguse hizi karatasi? Kama kuna mtu alimwambia, awe mkubwa awe mwanafunzi, hatakaa shule hii hata siku moja!"

Mtihani uko mbele, jina langu limeshapelekwa. Akinifukuza, ndio Aroi hiyo, ndio jiko hilo.

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo. Mdomo huu unaojibu kila mtu ulikataa kutoa hata pumzi.

Mama Hawa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Akasema, "Hakuna mutu. Mimi peke yangu."

"Hukuuliza mtu yeyote?"

"Sikuuliza."

Akafukuzwa kazi mchana ule ule. Nilisikia anakusanya vyombo vyake jikoni, halafu ndala zake zikapita barazani mbele yangu. Hazikusimama.

Sasa tukabaki na kazi. Karatasi mpya ngumu hakuna, wilaya wanasema subirini. Mwalimu Ezati akachukua karatasi moja iliyopigwa pasi, akaiweka kwenye mashine, akagonga mstari. Akanipa.

Ilisomeka! Kwa vile zilinyooshwa vizuri, ziliweza kuandikwa tena. Si safi kama mwanzo, lakini zinasomeka. Mtu mwingine angezianika tu zikauke zimejikunja, zisingefaa kitu. Ile kazi nzuri ya pasi ndiyo iliyotuharibia na ndiyo iliyotuokoa, na mwenye kazi alikuwa ameshafukuzwa.

Mwalimu akatoa noti kutoka kichwani na kwenye vitabu vya wanaoona, anasoma, na sisi watatu tunaandika kwa mikono yetu, kwa mashine na kwa kalamu za kutobolea. Vidole vilivimba. Mpaka mtihani unafika, hatukuwa tena na haja ya kusoma, kwa sababu tulikuwa tumeyaandika yote wenyewe.

Nilifaulu. Si kwa kishindo, lakini nilifaulu, nikapata sekondari. Mama yangu alicheza Aroi nzima.

Na mimi sikulala vizuri hata kidogo.

Matokeo yalipotoka nikamwomba binti mmoja wa P.5 anishike mkono anipeleke soko la Koboko. Nilikuwa nimesikia Mama Hawa anapiga pasi nguo za watu pale. Nilijua tumefika kabla sijaambiwa, kwa ile harufu ya mkaa na ule mlio wa pasi mezani.

"Driciru," akasema. Hilo ni jina langu. "Mimi nasikia umepasi mtihani. Nafurahi."

Nikaanza kulia pale pale katikati ya watu. Nikamwambia, mama, ile siku barazani, nilikudanganya. Haikuwa maji.

Akaendelea kupiga pasi. Wakuu, hata hakusimama.

"Mimi najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ile ile. Mwalimu alisema hii vipele ndiyo kitabu. Sasa mutu gani atakosa kujua kitabu yake?"

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukusema? Kazi ilikuwa yako, ulikuwa unakula kwa kazi ile!

Akaweka pasi chini, kile kishindo chake nakijua mpaka leo. Akanishika mkono, mkono wake una moto.

"Wewe iko na mtihani," akasema. "Mimi iko na pasi."

Basi. Akarudi kwenye shati la mtu.

Leo mimi ni mwalimu, yuniti kama ile ile. Nimeshaona zikihamishwa nyingine, na kila mara orodha inaanza na vitanda. Nilichojifunza kwanza ni hiki, mnaohamisha yuniti za watoto kama sisi, msihesabu madawati kabla ya kumhesabu mwalimu, na waulizeni watoto wenyewe kitu gani ni kitu gani. La pili ni langu mimi. Mtu akikuuliza kwa nia njema usimjibu kwa hasira uliyonayo kwa mwingine. Mama Hawa hakuwa amenihamisha. Nililipiza kwa mtu ambaye hakunikosea chochote.

Mama Hawa ameshatangulia mbele ya haki. Hedmasta yule sijui yuko wapi.

Jukwaa ni lenu sasa. Waliosoma kwenye yuniti, walimu, wazazi, mlioachiwa mtu mwingine abebe kosa lenu, semeni. Na wa kunitukana mtukane, simu itanisomea yote, siruki hata moja.

Ila nina neno moja la mwisho, kwa mtu mmoja. Nimesikia Mwalimu Ezati bado yupo, macho yamemwishia, wajukuu ndio wanamsomea.

Mjukuu, msomee babu hapa.

Mwalimu, miaka yote unasema yule mama alikuwa mjinga, hakuuliza.

Aliuliza. Aliniuliza mimi.