Ndoo za Mwahija Juu ya Kaburi Langu

Matanga yangu niliyasikiliza mwenyewe, nikiwa chini ya udongo.

Mnacheka. Subirini.

Mwaka 1979, machimbo ya Geita. Duara, yaani shimo letu la dhahabu, liliporomoka nikiwa ndani peke yangu. Nikabaki kwenye upenyo wa mwamba, mguu umebanwa, hewa ikinifikia kwa ufa mmoja tu.

Niliita mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake nikamsikia Masele, mkubwa wetu pale: "Tukizidi kuchimba tutazika wengine. Hapa ndipo kaburi la Nassibu."

Wakasoma dua. Ulimi umegandana na kaakaa, nikaitikia amina kimoyomoyo. Ningefanyaje?

Siku ya tatu likaja tone. Likafuata jingine. Maji yanapenya ufani. Nikalamba jiwe kama mbwa.

Juu, sauti ya jirani yetu Mageni: "Mama Chausiku, maua haya ni ya jua kali. Hayo majani manene yana maji yake mwenyewe. Utayaozesha."

"Yaoze," akajibu mke wangu, Mwahija.

"Ndoo ya tatu hiyo, na kisima kiko kule bondeni. Msiba umekupanda kichwani."

"Nenda kapike, shoga."

Nikajua: mke wangu kanusa kwamba mimi ni mzima. Ndoo asubuhi, ndoo jioni. Kila ndoo, mimi mafunda mawili.

Siku ya tano sauti yangu ikarudi, nyembamba kama ya paka.

"Mwahija."

Ndoo ikaanguka. Mageni nikamsikia akitimua mbio. Mke wangu hakuondoka.

"Kama ni shetani, potea. Kama ni Baba Chausiku, tulioana siku gani?"

"Ijumaa. Mvua ikaingia kwenye pilau."

Akapiga yowe la kuita wachimbaji.

Walinitoa mchana wa siku ya pili yake. Kitu cha kwanza kuona ni maua: mekundu, ya manjano, ya zambarau, yamefumbuka yote juani. Mengine yameoza shinani.

Nikamuuliza Mwahija, "Ulijuaje nipo hai?"

"Nilijua umekufa."

"Sasa maji yote yale?"

Akainama. "Ulizikwa bila kuoshwa, Baba Chausiku. Usingizi ulikuwa hauji. Ningemwaga maji kwenye udongo mtupu wangeniita kichaa, ndiyo nikapanda maua. Nilikuwa nakuosha."

Basi, ndugu zangu, mkimkuta mtu anamwagilia ua lisilotaka maji, msimfundishe kilimo.

Mbebeeni ndoo.