Faili la Bibi Lililokataa Kuingia

Mazungumzo yangu na bibi kule Gasorwe yalichukua saa tatu, nami nilimrekodi kwa simu ya shangazi bila kusimamisha hata mara moja. Kwetu mtu mzima akishaanza kusimulia, hakatizwi. Alivyofunga godoro lake kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, alivyolikuta shamba limegeuka kichaka: vyote vilikaa ndani ya faili moja la video, zito kama gunia la viazi.

Miezi michache baadaye kumbukumbu ilianza kumtoka. Akawa ananiita kwa jina la babu. Faili lile ndilo likawa bibi niliyebaki naye.

Shangazi alipokuja Gitega kunitembelea, alinipa siku tatu nilihamishe. Simu ilikuwa imejaa, na Jumapili kwaya yake ingeimba Muyinga mjini, alitaka picha. Nisipolitoa, atalifuta. Shangazi yangu hana utani kwenye mambo ya kwaya.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Magarama hapohapo Gitega, nilikuwa na kisanduku chenye diski, kilichounganishwa na ruta ya intaneti, cha kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima. Nyumba nzima nilikuwa mimi. Nilikipa jina "Kumbukumbu za Kizazi", na ndani yake mlikuwa na rasimu kumi na moja za riwaya yangu, ambayo haikuwa na mwisho wala, kusema kweli, mwanzo.

Jaribio la kwanza la kulihamisha faili lilikatika, nikalaumu umeme. La pili likakatika, nikaisogeza ruta dirishani. Kwa la tatu nilinunua waya mpya. Kila mara mstari wa kuonyesha kiasi kilichohamishwa ulitembea vizuri, ukafika gigabaiti nne, ukafa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini palepale. Mimi nilifungua daftari nikaandika kwamba huzuni ya mkimbizi haikubali kufungiwa ndani ya chuma. Shangazi alisoma nyuma ya bega langu, akauliza kama mtaa huu hauna fundi.

Fundi alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, muuza chaja na mtengeneza simu. Alichomeka kisanduku kwenye kompyuta yake, akatazama kidogo.

"Kaka, umeme iko sawa, ruta iko sawa. Hii diski ilipangwa kwa mtindo wa zamani. Fayili moja ikipita giga nne, haipokee. Tuipange upya, lakini vyote viko ndani vitafutika. Ao tukate fayili."

Nilimweleza kwamba maneno ya bibi hayakatwi.

"Basi futa riwaya," akasema, bila ubaya wowote.

Nilizihesabu rasimu zangu kwenye kioo cha kompyuta yake, zote kumi na moja. Kisha nikasema tukate, ila pale bibi atakapopumua mwenyewe.

Ikabidi tusikilize. Bibi alisalimu, akaomba Mungu, akasema, "Tulipofika mpakani," na hapo sauti nyingine ikaingia. Ilieleza maana ya kurudi. Ililinganisha mpaka na kidonda, kisha na ukurasa, kisha na kidonda tena. Ikahamia kwenye muhtasari wa riwaya. Fundi alimaliza kubadilisha kioo cha simu ya mteja, sauti ikiwa bado inaendelea.

"Huyu ni pasta?" akauliza.

"Ni yeye," shangazi akajibu, akinielekezea kidevu.

Saa nzima na robo. Bibi hakunikatiza hata mara moja. Alinipa heshima ambayo mimi nilidhani nimempa yeye. Halafu akasema, "Umemaliza, mjukuu wangu?" Akaendelea bila kungoja jibu. Akasimulia kwamba siku ya kurudi macho yake hayakulitambua shamba, ila magoti yake yaliukumbuka mteremko.

Shangazi alitaka sauti yangu iondolewe yote. Nilimwomba fundi alibakize lile swali la bibi. Kilichobaki hakikufika giga nne, na jioni ile kiliingia kwenye kisanduku kwa mara moja. Shangazi akalifuta faili kwenye simu, akaijaribu kwa kunipiga picha, akaifuta picha.

Ukiifungua video sasa, bibi anasalimu, anaomba Mungu, anauliza kama nimemaliza, kisha anavuka mpaka.