Sebule Iliyoingia Minazi Mitatu

Kazi yangu ni kushika fimbo. Wakwe wakiniuliza nasema niko kwenye upimaji wa ardhi, na si uongo, ila mpima ni bosi. Mie nasimama kule mbali juani na fimbo yangu ya rangi nyekundu na nyeupe, yeye ananipungia: sogea kushoto, rudi, simama wima, tumbo ndani. Shule niliiacha kidato cha pili, mie na hesabu tulipokubaliana kwamba hatuwezani. Sasa hesabu ndiyo inanilisha. Mungu ana utani.

Siku hiyo tulikuwa Dabaso. Mwenye kiwanja alikuwa mwalimu, mama wa bara aliyefundisha huku pwani miaka na miaka. Alikuwa anastaafu, na muhula ukiisha alitakiwa aitoe nyumba ya shule, aingie mwalimu mwingine. Kiwanja anacho, nyumba hana. Taito yenyewe, hati ya kumiliki, ilikuwa ndiyo inashughulikiwa, basi akamwomba bosi, kwenye ile ramani ya mipaka amtilie na nyumba anayotaka kujenga, ili watu wa kaunti waone inatosha wamruhusu aanze mapema.

"Haina shida, mwalimu," bosi akasema. "Kilichopo tunakichora mstari mzima. Ambacho hakijajengwa, mstari wa vipande vipande. Huyu bwana atakupimia."

Huyu bwana ni mie. Bosi alipigiwa simu akaenda kukaa garini kwenye kiyoyozi.

Mwalimu akavua viatu, akaanza kutembea kwenye nyasi. "Hapa sebule. Hapa jiko. Hapa nalala mimi, dirisha litazame mashariki." Mie nyuma napigilia vigingi, navuta tepu, naandika. Akachungulia daftari.

"Hii ni saba au moja?"

"Saba, mwalimu."

"Ipige mstari katikati. Ulisoma kweli wewe?"

"Kidogo, mwalimu."

"Naona."

Bosi aliporudi akaniuliza kama kuna kitu ndani ya kiwanja. Kisima? Kaburi? Choo cha zamani? Nikamwambia kiwanja cheupe kama sahani. Na naapa sikuona kitu. Kazi hii inakutazamisha chini siku nzima, kwenye bikoni za mipaka, kwenye miiba, kwenye nyoka. Juu natazama mvua ikija tu.

Wiki ya pili tukarudi na ramani, mwalimu aione kabla haijapelekwa. Nyumba ya vipande vipande imekaa katikati, imependeza. Mwalimu kaishika kwa mikono miwili kama cheti. Mara sauti ikashuka kutoka mbinguni.

"We bwana wa fimbo! Hapo ulipotia vigingi pa nini?"

Tukainua vichwa. Juu ya mnazi kuna mgema, kakumbatia shina kwa miguu, kibuyu kiunoni.

"Shikamoo mzee!" Kumwamkia mtu aliye juu ya mnazi shingo inauma. "Ni sebule ya mwalimu."

"Marahaba. Sasa mie nipande mnazi wangu kwa kupitia sebuleni kwa mtu?"

"Wako?" mwalimu akashangaa. "Mzee, kiwanja hiki nimekinunua, na miti yake nikajua ni yangu ya kukata."

"Umenunua ardhi, mwalimu. Ardhi sina neno nayo. Minazi mitatu hii aliipanda baba yangu, na aliyekuuzia ajua si yake."

Kwetu ndivyo. Ardhi ya huyu, minazi iliyosimama juu yake ya yule, na kila mtu na chake. Mwalimu wa bara angejuaje? Lakini mie ni mtu wa Kaloleni. Babangu mpaka leo ana minazi kwenye shamba la watu. Wa mwisho kusahau jambo hili duniani ningepaswa kuwa mie, na nikalisahau: tepu niliipitisha kando ya mashina yale yale bila kuinua macho.

Bosi akanigeukia. "Cheupe kama sahani?"

"Bosi, minazi haiandikwi kwenye taito."

"Sikukuuliza taito. Nilikuuliza macho."

Mwalimu aliikunja ramani polepole. "Nina muhula mmoja," akasema. "Mzee, haiwezi kukatwa?"

Mgema alikuwa kashafika chini. "Haikatwi. Napanda asubuhi, napanda jioni. Ndiyo ofisi yangu."

Mie ndiye niliyewafikisha hapo, basi nikaona bora niseme kitu, hata kama ni upuzi. "Si ni vipande vipande? Haijajengwa bado. Tuizungushe."

Bosi alinitazama kama amesikia mbuzi akiongea, kisha akatandaza karatasi juu ya boneti akatoa penseli. Akailaza nyumba upande, ikakwepa minazi, ikabaki ndani ya mipaka.

"Sebule imekuwa ujia," mwalimu akasema. "Na dirisha langu?"

"Linatazama choo cha jirani, mwalimu. Samahani."

"Na mie nipite wapi?" mgema akadakia. Bosi akamchorea njia, naye hakutosheka. "Na minazi itie humo. Mistari mizima."

"Mzee, miti hatuchori."

"Nyumba ambayo haipo imo, minazi iliyopo haimo! Ramani gani hiyo?"

Bosi akashika penseli tena. Akachora viduara vitatu. Mwalimu akatazama, akatazama tena.

"Ukiwa juu utaniona jikoni?"

"Nikiwa juu namuona kila mtu hadi Mida. Jikoni kwako sina haja napo."

"Ukipita ubishe hodi."

"Nitabisha."

Mwalimu akatia sahihi.

Muhula ulipoisha vyumba viwili vilikuwa vimeezekwa. Nilikwenda kumsaidia mwalimu kuhama, dhamiri ilinisukuma. Kochi lake refu la nyumba ya shule likagoma kuingia ile sebule nyembamba. Mie nasukuma, mgema anavuta, mlango unatucheka. Mwisho tukaliacha barazani. Mwalimu akakaa, akanyoosha miguu.

"Kaa na wewe."

"Nimechafuka, mwalimu."

"Kaa. Hapa si shule, hapa ni kwangu."

Nikakaa.