Jina la Binti wa Mansukh

Binti wa Mansukh alitimiza miezi mitatu hana jina. Alizaliwa Julai 1956, upepo wa vumbi ukivuma Dodoma, katika nyumba iliyo nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Kwa desturi ya Wahindu wa Gujarati, jina hutolewa na shangazi siku ya sita. Mtoto hulazwa ndani ya kitambaa chenye majani ya mti mtakatifu, wasichana wanne hushika pembe na kumbembeza, shangazi huimba, na jina huja mwishoni kabisa mwa wimbo. Shangazi alikuwa mmoja tu, Bhagwati, dada yake Mansukh. Na Bhagwati alikuwa akikohoa.

Kikohozi chenyewe kilikuwa kikavu. Akipanda ngazi tatu za baraza husimama kutafuta pumzi. Mganga wa zahanati alisema huenda ni kifua kikuu, na tangu siku hiyo kikombe chake kikatengwa. Hansa, mke wa Mansukh, alimwonyesha mtoto kwa mbali, kutoka ng'ambo ya ua.

"Wifi, mtazame, anacheka!"

"Namwona," Bhagwati alijibu. Alichokiona ni kitambaa cheupe.

Yudith, aliyemletea maziwa kutoka kijiji cha Zuzu, ndiye peke yake aliyeendelea kuketi naye mkeka mmoja.

"Kwetu angekwisha kuitwa jina la upepo ule, kazi ikaisha," alisema. "Ninyi mnangoja mapafu ya mtu!"

Bhagwati alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Januari ya mwaka ule alikwenda Bombay na mumewe, Vithaldas. Watu waliambiwa anatibiwa macho. Ukweli ni kwamba alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya mbaazi. Madaktari waliukata, kisha kwa wiki tano wakampiga mionzi kifuani. Huko ndiko barua ilikomfikia kwamba Hansa ni mjamzito. Kila siku, akilala chini ya mashine ile iliyovuma, alitafuta jina la msichana, mpaka akalipata. Hakumwambia mtu.

"Kansa ikijulikana," Vithaldas alimwonya melini wakirudi, "nani ataposa binti wa ukoo wenu?"

Basi Bhagwati alinyamaza, hata alipoanza kukohoa, miezi miwili baada ya kurudi.

Oktoba, Mansukh aliwapeleka Bhagwati na Vithaldas kwa Daktari Nazir, aliyekuwa na mashine ya eksirei. Makohozi yalipimwa mara tatu, hayakuonyesha kitu. Daktari aliinua picha dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kovu hili lina ukingo ulionyooka kama uliopigwa kwa rula," alisema. "Kifua kikuu hakichori mistari, mama. Umewahi kupigwa mionzi?"

Vithaldas alikohoa, yeye asiyeumwa. "Alitibiwa macho."

Bhagwati alimtazama mumewe, kisha kaka yake. Alimfikiria mtoto, yule ambaye angekuja kukosa mchumba kwa neno moja, na ambaye sasa hana hata jina la kuposewa.

"Nilikuwa na kansa ya titi," alisema. "Nilipigwa mionzi wiki tano."

Mansukh aliinama. Daktari akaeleza kwamba mionzi ilipita kwenye ncha ya pafu na kulichoma. Kwamba ugonjwa huo hauambukizi mtu. Kwamba kikohozi kitapungua, ila pumzi yote huenda isirudi.

"Ya wimbo mmoja inatosha?" aliuliza Bhagwati.

"Uimbe polepole."

Jumapili iliyofuata Yudith alileta majani ya mkuyu kutoka Zuzu, kwa kuwa mti wa desturi ile haumei Dodoma na mkuyu ni ndugu yake. Wasichana wanne wakashika pembe. Hansa mwenyewe ndiye aliyemweka mtoto mikononi mwa wifi yake, naye Bhagwati alimshika muda kidogo zaidi ya ilivyopasa kabla ya kumlaza.

Aliimba polepole, akipumzika kila mstari. Alipofika mwisho alivuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Chandra..."

Pumzi ikakatika. Wanawake, wakidhani ndilo jina zima, walilidaka kwa shangwe: "Chandra! Chandra!" Mansukh akaliandika ukutani kwa chaki.

Bhagwati hakuwasahihisha. Aliketi mkekani, mkono kifuani, akimtazama Chandra akibembezwa. Pumzi iliporudi, alilimalizia jina kimya, kwa midomo tu: ...kanta.