Mutua wa Kwenye Santuri

Roselida Nerima aliunguza kitunguu, akakitupa, akakata kingine, nacho akakiunguza. Mkwewe Sharlyne akamnyang'anya mwiko. "Mama, kaa chini kidogo. Mgeni ni mmoja, si rais."

Kaa chini! Angekaaje, na mzee Mutua ameshashuka basi pale Malaba, na Job, mwanawe wa pekee, ameenda kumpokea akiwa ndani ya suti, jua lote hilo? Job ni mtu mzima, wakala wa kupitisha mizigo mpakani, mtu wa kuheshimiwa. Lakini asubuhi hiyo alifunga tai, akaifungua, akaifunga tena, huku akimuuliza mke wake kama imekaa sawa. Alikuwa anaenda kumlaki baba yake. Na Roselida alijua, jinsi anavyojua jina lake mwenyewe, kwamba huyo si baba yake.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo, maana vijana wa siku hizi mnadhani muziki wa huku ulianzia kwenye simu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, foleni ya malori Malaba ilikuwa haisogei, madereva wanalala hapa mpaka wanazoeana na mbuzi wa watu. Roselida, msichana wa Namboboto aliyekuja na sanduku la bati na sauti, akapata kazi ya kupika katika hoteli ya kando ya barabara. Alikuwa akipika, anaimba. Mwenye hoteli akaona watu wanaagiza chai ya pili ili wapate sababu ya kukaa, akamtoa jikoni haraka sana. Akamtafutia na mpiga gitaa, Okwakol, kijana wa Kiteso kutoka Moding, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, gitaa limegeuzwa juu chini. Ukimwangalia unachanganyikiwa. Ukifumba macho unataka kulia.

Roselida alitunga kwa ujanja wake mwenyewe. Kila wimbo aliuachia nafasi ya jina. Lori likiegeshwa tu, yeye huyo kwa taniboi, yule msaidizi wa dereva: bosi wako anaitwa nani, na kwao ni wapi? Dereva akiingia kutafuta chakula, anasikia anaitwa ndani ya wimbo. We! Mtu mzima na kitambi chake anaruka kutoka kwenye kiti. Leo Peterson, kesho Oduori, kesho kutwa mtu wa Kigali ambaye jina lake karibu limng'oe ulimi. Wimbo ni ule ule. Nyimbo zake zikapanda malori zikafika Mombasa na Kampala, yeye mwenyewe hajavuka hata daraja la kuingia Uganda.

Ndipo wakaitwa Nairobi kurekodi. Waende na nini? Dereva mmoja Mkamba, huyo Mutua, akasema pandeni. Wakaketi mbele pamoja naye, Roselida katikati, Okwakol dirishani na gitaa mapajani, mpaka Nairobi, na wala hakuwataka nauli. Basi walipokuwa mbele ya mashine na ile nafasi ya jina ikafika, Roselida akatia la Mutua. Ilikuwa asante tu. Wanamuziki walishukuru hivyo. Kumbe jina likishaingia kwenye santuri halitoki tena! Wimbo ukavuma, na Malaba nzima ikaanza kumwita Roselida bibi ya Mutua.

Mwaka uliofuata akajifungua Job. Mtoto alikuwa wa Okwakol. Na Okwakol alikuwa na mke kule Moding, mama mpole ambaye kila msimu wa viazi alimletea Roselida kikapu kizima, akamshika mkono, akamwita mdogo wangu. Mtu kama huyo utamwambia nini? Roselida akanyamaza, Okwakol naye akanyamaza. Halafu Okwakol akaugua, akafa, Job hata meno hajamaliza kuota, na Roselida akaacha kutunga kabisa. Watu wakasema ameokoka. Hakuokoka popote. Alijaribu wapiga gitaa wengine, na kila mmoja alimpandisha hasira.

Job akiwa darasa la pili, wenzake wakamchokoza kwamba hana baba. Akaja nyumbani na kamasi na machozi, akaiweka ile santuri, akasikiliza. "Mama, huyu Mutua ndiye baba?" Roselida alikuwa anafua. Alikamua shati, akalikamua tena hata maji yalipokwisha. Mtoto akaona hilo ni jibu.

Tangu siku hiyo Job akawa Mkamba. Cheka ukitaka, lakini madereva walimfundisha mpaka salamu za Kikamba. Na kila alipoucheza ule wimbo aliinua sindano pale katikati, ambapo mama yake ananyamaza na gitaa linaongea peke yake, ili afike upesi kwenye jina. Alipokua na wimbo ukahamia kwenye simu, bado aliruka pale pale, kwa kidole. Mwaka huu dereva mmoja akampatia namba ya mzee Mutua huko Makueni. Job, bila kumuuliza mama yake, akampigia, akamwalika aje ampe jina mjukuu wake, kichanga cha Sharlyne, ambacho mpaka siku hiyo kiliitwa Mtoto tu.

Pikipiki zikanguruma nje.

Mutua aliingia, mzee mrefu, kofia mkononi. "Mama msanii," akasema, akacheka kidogo. Job akammiminia chai kwa mkono wa kushoto, ule mkono ambao walimu walishindwa kuugeuza. Mzee akautazama, akautazama tena, akasahau kupokea kikombe. Roselida alimwona akiutazama.

Job alipotoka kupanga viti na Sharlyne alipoenda kumvalisha mtoto, Mutua akainama. "Yule kijana wa gitaa yuko wapi?"

"Alikufa, mzee. Zamani."

"Pole." Akazungusha kofia. "Mimi na wewe hatujawahi kushikana hata kidole."

"Najua."

"Kijana wako alinililia kwa simu, mama. Ningesema nini? Mimi nina wasichana watupu. Ukitaka niwe baba yake, nitakuwa. Nitambeba mtoto, nimwite Mutua, nirudi kwetu. Hakuna mtu atajua."

Mungu wangu, ilikuwa rahisi namna hiyo! Job atafurahi, mzee atafurahi, na yeye ataweza kulala. Roselida akafungua mdomo akubali, lakini Job alikuwa tayari ameingia na mtoto mikononi, Sharlyne nyuma yake. Akamweka kwenye mikono ya Mutua, akaiunganisha simu na spika, akabonyeza. Sauti ya Roselida msichana ikajaa chumba.

Mutua akamtazama, anangoja ishara. Roselida akamtazama mtoto. Majina mangapi alitia kwenye ile nafasi? Peterson, Oduori, yule wa Kigali. Hakuna aliyeumia, maana walikuja na majina yao na wakaondoka nayo. Huyu mdogo hakuwa na lingine la kuondoka nalo.

"Mzee, ngoja!" Ilitoka kwa sauti kubwa, mtoto akashtuka. "Job. Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Si baba yako. Alitupa lifti ya kwenda Nairobi, nikamtaja. Basi."

Job akacheka, akamgeukia Mutua wacheke pamoja. Mzee akainamisha kichwa. Kicheko cha Job kikafa.

"Miaka yote hii, mama? Mimi nimekuwa nani?"

"Niliogopa. Kwanza nilimwogopa mke wa mtu. Halafu nikakuogopa wewe."

"Basi nitajie jina."

Kwenye spika, yule msichana alikuwa amenyamaza. Gitaa likaingia peke yake. Kidole cha Job, kwa mazoea tu, kikaenda kwenye simu kuruka.

"Usiruke," Roselida akasema. "Ndiye huyo. Okwakol, wa Moding. Alikuwa anapiga kwa kushoto."

Kidole kikabaki hewani, na Job akautazama mkono wake kana kwamba mtu ndiyo kwanza amempa. Mutua akamrudishia Sharlyne mtoto taratibu. Gitaa likamaliza, msichana akarudi kuimba, jina la Mutua likaja, likapita, hakuna aliyelijali. Halafu Job akaurudisha wimbo nyuma mpaka pale gitaa linapoanzia, akaketi sakafuni na suti yake yote, akaanza kumsikiliza baba yake.