Watu wa Kusalimiwa Redioni

Mwezi wa nane nilishindwa kutulia. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimefiwa, na kazi yangu ya kuhariri vitabu vya shule nilikuwa nayo. Lakini niliamka hapa nyumbani kwangu Nakuru, nikachemsha chai, nikaisahau, nikatoka hadi kwenye geti, nikarudi. Nilifungua vitabu vingi na sikumaliza hata kimoja. Ili nisijione nimepoteza mwezi mzima, nikachukua daftari na kujiamuru niandike humo kila nilichotazama au kusikiliza kwenye simu.

Daftari lenyewe linachekesha. Ukurasa wa kwanza ni filamu fupi kuhusu ziwa letu lilivyopanda na kumeza nyumba za watu. Niliitazama mara mbili, nikabaki na hasira, na sijui nilimkasirikia nani, maana ziwa halina kosa. Kisha wapo wanawake wawili wa Karagita wanaojirekodi wakipiga soga baada ya kazi ya shamba la maua. Wanazungumzia waume, maumivu ya mgongo, na mawaridi wanayofunga kutwa nzima ilhali hakuna aliyewahi kuwaletea hata moja. Nilicheka peke yangu jikoni. Yupo pia fundi anayefundisha kurekebisha cherehani. Mimi sina cherehani, na nilimtazama siku tatu.

Katikati ya mwezi nikaangukia kitu kilichonikalisha chini. Mtu asiyejitambulisha alikuwa ameweka mtandaoni kanda zake za zamani, vipindi vya salamu alivyorekodi kutoka redioni. Wa rika langu wanajua mambo hayo: ulinunua kadi, ukajaza jina lako na majina ya unaowasalimia, ukaipeleka posta, kisha ukasubiri mtangazaji aisome. Baba yangu alikuwa bingwa wa kadi hizo. Kwenye kiwanda cha mbao pale Elburgon alikuwa mfanyakazi kama wengine, lakini redioni alikuwa na jina la kujipa, na watu wa mbali walilijua.

Kipindi kilipoanza, nyumba nzima ilinyamazishwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoanza kuyafuatilia majina kwa makini. Alimsalimia shemeji yake, alimsalimia fundi wa misumeno aliyehama, alimsalimia hata yule mtu wa kule Bahati aliyemuuzia ng'ombe mgonjwa. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nimeketi hapo karibu na meza na sikutajwa. Sikumuuliza, kwa sababu kwetu mtoto hakumuuliza baba mambo ya namna hiyo. Nikaweka moyoni. Baadaye kiwanda kikafungwa, kadi zikaisha, nami nikaondoka nyumbani, lakini kile kinyongo nilikibeba hadi ukubwani kama mtu mjinga.

Kwa hiyo nilisikiliza kanda zote. Nilijiambia huenda kadi yenye jina langu ilisomwa siku niliyokuwa nimetumwa maji. Kazi ya watu ikalala. Nilipata kadi tatu za baba, na kila mara nilisimama katikati ya chumba nimeshika simu kwa mikono miwili. Jina langu halikuwemo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Elburgon. Sikuwa nimefika huko tangu Pasaka, na ni safari ya saa moja na kitu. Kupigiana simu hatuwezi, misumeno ya kiwandani ilimharibia baba masikio. Nilimkuta baba jikoni akiota moto, nikamwambia kwa sauti kubwa nina kitu cha kumsikilizisha. Aliichukua simu, akaisimamisha ndani ya kikombe cha bati ili sauti itoke, akainamisha kichwa.

Jina lake la redioni liliposomwa alicheka hadi akakohoa. Kisha akaanza kuwafuata waliotajwa. “Huyu alienda. Huyu pia tulizika. Huyu sijui.”

Nilitaka kuuacha uzee wake kwa amani, lakini mdomo ulinitangulia. “Baba, mbona mimi hukunisalimia hata siku moja?”

Nilirudia mara mbili ndipo akasikia. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza mbona hakunitumia barua kutoka chumba cha pili.

“Kadi ni ya watu wako mbali,” akasema. “Wewe si nilikuwa nakuona kila asubuhi ukikunywa chai? Mtu wa kwako ukimsalimia kwa redio, si ni kama umemfukuza?”

Niliona aibu kweli, na pia nilifurahi. Baba akatoa simu kikombeni na kunirudishia.

“Hiyo kipindi bado iko?”

“Vipo vingine. Siku hizi watu wanatuma meseji.”

“Basi niandikie moja. Nimekaa sana bila kusalimia watu.”

Nikafungua mahali pa kuandika, nikaweka jina lake lile la redioni, nikamuuliza wa kwanza awe nani. Nilidhani angemtaja shemeji yake.

“Weka wewe,” akasema. “Sema uko Nakuru.”

Nilikuwa nimeketi naye kwenye benchi moja, na magoti yetu yanagusana. Nikaandika, kwa sababu aliniangalia mpaka nikamaliza.